Maswali ya Wasomaji: Shanga Zinazosimama Bila Waya

Mhariri, Joyce J. Scott, msanii wa shanga wa Marekani, alisomea wapi kazi yake? Binti yangu anaambiwa shanga si fani ya mtu aliyesoma. (Mzazi, Tanga)

Sindano alipewa na mama yake kabla ya shule yoyote. Elizabeth Talford Scott, aliyezaliwa 1916 Carolina Kusini katika familia ya wakulima wa mashamba ya watu, alikuwa akishona mablanketi ya viraka na kuyapachika shanga, vifungo na mawe. Joyce alizaliwa Baltimore mwaka 1948. Alipata shahada ya kwanza katika chuo cha sanaa cha mji huohuo mwaka 1970, kisha shahada ya pili huko San Miguel de Allende, Mexico, 1971. Mama na mwana waliishi pamoja na kuonyesha kazi zao pamoja, na ukiitazama kazi ya Joyce bila kuijua ya mama utakosa nusu yake. Mwaka 2016 alipewa tuzo ya MacArthur, ya Marekani kwa watu wenye ubunifu wa kipekee, dola 625,000 zilizolipwa kwa miaka mitano. Mwambie binti yako hivyo.

Ajue pia kwamba Scott hatengenezi mapambo tu. Ubaguzi wa rangi, ubakaji na mauaji ya watu weusi vimo katika mikufu na sanamu zake, kwa rangi zinazomvuta mtazamaji asogee karibu kabla hajatambua anachokitazama.

Natunga mikufu ya Kimasai kwa waya. Sanamu zake zinasimamaje bila fremu ndani? (Fundi, Arusha)

Zinasimama kwa uzi. Anatumia mshono wa peyote, aliojifunza miaka ya 1970 katika shule ya ufundi ya Haystack, Maine. Shanga hukaa kwa kupishana kama matofali ukutani, na kila moja hushikwa na jirani zake.

Anza na kipande bapa. Chukua shanga za namba 11 (kadiri namba inavyokua ndivyo ushanga unavyokuwa mdogo), sindano ya shanga namba 10, na uzi wa nailoni wa mita 1.5 uliopakwa nta ya nyuki. Funga ushanga wa kuzuia kwa kuupitia mara mbili, ukiacha sentimita 15 za mkia. Tunga shanga 12. Sasa geuka: chukua wa 13, ruka wa 12, pitisha sindano katika wa 11. Chukua mwingine, ruka wa 10, pita katika wa 9, hadi mwisho. Kuanzia hapo utaona shanga zilizochomoza. Kila ushanga mpya unaingia kwenye pengo, na sindano inapita katika uliochomoza.

Mistari mitatu ya mwanzo hujipinda na kuchanganya macho. Ibane kwa vidole mpaka mstari wa nne, itatulia.

Umbo la sanamu linatokana na kuongeza na kupunguza. Weka shanga mbili katika pengo moja. Mzunguko unaofuata, tia ushanga mmoja katikati ya hizo mbili, na kitambaa cha shanga kitatanuka. Ukitaka kibonyee, pita pengo bila kuweka ushanga, uvute uzi. Ugumu wa kuisimamisha sanamu utaupata kwa kubana uzi kila hatua na kurudia kupita mahali palipolegea. Usisubiri mwisho ndipo ukaze, kwa sababu uzi uliolegea katikati hauvutiki tena.

Shanga zangu hupasuka nikirudia kupita. Ni mbovu? (Msomaji, Kisumu)

Huenda tundu limejaa uzi na sindano nene inausukuma ushanga kutoka ndani. Badili kwa sindano namba 12, iliyo nyembamba zaidi, na usilazimishe. Ikikwama, tafuta njia kupitia ushanga wa jirani. Chambua shanga kabla ya kuanza: nyembamba mno, nene mno na zenye tundu lililoziba ziweke kando. Usizitupe hizo nyembamba, maana ndizo zinazofaa mahali pa kupunguza.