Kutafuta Mtoto: Mbona Sahani ya Mume Haitazamwi?

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Njiro, Arusha, aliniandikia akiomba nimworodheshee vyakula vinavyoshikisha mimba haraka, na akaambatanisha picha ya kopo la unga wa "kusafisha kizazi" alilouziwa kwa bei ambayo ingetosha kuilisha nyumba yake mboga za mwezi mzima. Nilimjibu kwa kifupi siku ile kwa kuwa nilikuwa na hasira, ingawa si juu yake. Katika ujumbe wote ule mrefu mume wake alitajwa mara moja tu, pale aliposema kwamba ndiye aliyetoa fedha za kununulia kopo.

Hayo nayafahamu vizuri. Mimi na mume wangu tulioana hapa Moshi, na ikapita miaka kabla hatujapata mtoto. Kila Desemba, ukoo unapopanda Kibosho kwa Krismasi, nilikuwa nikijua mapema maswali yatakayonikuta jikoni. Mama mkwe wangu, ambaye ni mtu mwema na ananipenda, alianza kunipikia mtori. Msomaji asiye wa Kilimanjaro huenda asione ubaya wa bakuli la ndizi zilizopondwa na nyama, lakini kwetu hicho ni chakula cha mzazi, hupewa aliyejifungua ili arudishe nguvu na maziwa yatoke. Nililetewa bakuli langu, mafuta yakielea juu, mbele ya mawifi wawili waliokuwa wakinyonyesha, na mama akaniambia kwa upole, "Kunywa, mwanangu, mwili uzoee." Nilikunywa nikalimaliza. Wakati huohuo mume wangu alikuwa nje na wenzake, akiwa na mbege, nyama choma na sigara, na hakuna shangazi hata mmoja aliyetoka kwenda kumwuliza anakula nini.

Mizunguko ya mitishamba iliyofuata sitaisimulia, maana haina jipya. Daktari aliyetusaidia ni yule aliyekataa kuendelea kunipima mimi peke yangu. Majibu yalipotoka, mimi nilikuwa na upungufu wa damu, na mbegu za mume wangu zilikuwa chache na zenye mwendo dhaifu. (Ameniruhusu niandike hili. Wanaume wanaoruhusu ni wachache, na kwa hilo ninajivunia kuolewa naye.) Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba takribani mtu 1 kati ya 6 hukumbana na tatizo la kutopata mimba katika maisha yake, na wataalamu wanakubaliana kwamba katika karibu nusu ya ndoa zenye shida hiyo upande wa mwanamume unahusika, ama peke yake ama pamoja na wa mwanamke. Hata hivyo, mtori hupelekwa upande mmoja tu.

Mbegu ya kiume huchukua takribani siku 74 kutengenezwa, na kisha muda kidogo wa kukomaa, kwa hiyo anachokula, anachokunywa na anachovuta mwanamume leo hujitokeza miezi miwili na nusu hadi mitatu baadaye. Kwa sababu hiyo tuliacha kupika "chakula cha mama" na tukaanza kula chungu kimoja: kiburu cha ndizi na maharage, mnavu, dagaa, karanga, na parachichi ambalo hapa Moshi halina gharama msimu wake unapofika. Yeye aliacha sigara kabisa, na pombe akaipunguza kwa manung'uniko ambayo majirani waliyasikia. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard uliochapishwa mwaka 2007, uliowafuatilia wauguzi wa Marekani zaidi ya 17,000, ulionyesha kwamba wanawake waliokula protini ya mimea kwa wingi zaidi, nafaka zisizokobolewa na mafuta yasiyogandishwa kiwandani walipata kwa uchache zaidi tatizo la mayai kutopevuka. Maharage ya sokoni Kiboriloni, hapa Moshi, yanaingia humo bila kuhitaji kopo la mtu yeyote.

Kwa mwanamke lipo jambo moja ambalo halisubiri, nalo ni foleti, vitamini ya kundi B ambayo ikiwa ya vidonge huitwa asidi ya foliki. Mfereji unaokuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya takribani siku 28 tangu mimba kutungwa, wakati wengi hawajajua hata kama wana mimba, na ndiyo maana hushauriwa kumeza asidi ya foliki mikrogramu 400 kila siku tangu unapoanza kutafuta mtoto hadi wiki ya 12 ya ujauzito. Mchicha, dengu na maharage yana foleti, ila mchicha ukiuchemsha sana na kuukamua maji, umeimwaga kwenye sinki. Maini pia yanayo kwa wingi, lakini vitamini A iliyomo imezidi kipimo kinachomfaa mjamzito, na anayetafuta mimba hajui ataipata siku gani, hivyo ni heri ayaache. Chai nayo isinywewe pamoja na mlo wa maharage, kwa sababu hupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini. Mimi niliisogeza mbele kwa saa moja na kuweka chungwa mahali pake.

Leo binti yetu yuko chekechea. Siwezi kuapa kwamba mnavu ndio uliotupa mtoto, na yeyote anayekuapia hivyo anakuuzia kitu. Hakuna chakula wala unga unaozibua mirija ya uzazi iliyoziba, na mara nyingi mirija huzibwa na maambukizi ya zamani, kama klamidia au kisonono, ambayo hayakutibiwa mapema. Kwa hiyo, dada zangu, kama mwaka mmoja umepita mkikutana bila kinga na hakuna mimba, au miezi sita ikiwa umri wako umepita 35, nendeni hospitali, na nasema nendeni kwa maana ya watu wawili. Kipimo cha mbegu hakina upasuaji wala sindano, kinachotakiwa ni mume akae siku 2 hadi 7 bila tendo kabla ya kutoa sampuli. Akisema ana kazi, mwombe daktari ampangie siku ambayo hana kazi.