Mwili haufi siku moja: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma, nikaurudia, nikaona mambo haya hayajibiwi kwa kidole gumba. Unauliza hivi: daktari akishakwambia upunguze chumvi, uache sigara, utembee kila siku na umeze vidonge vya presha maisha yako yote, unapata faida gani ikiwa mwisho wa yote ni kulala kitandani miaka minne kama Babu, unageuzwa, unalishwa, humjui hata uliyemzaa? Ukamalizia kwa kusema kwamba kwa maoni yako Mjomba ndiye aliyejua kuishi. Alikula raha zake, akaenda ghafla, hakumsumbua mtu.

Ya Babu nitayafikia. Hapo kwa Mjomba ndipo uliponigusa.

Nani alikwambia Mjomba wako alikwenda ghafla? Ulikuwa shule ya bweni, na likizo ukija tulikuwa tunakwambia Mjomba amepumzika chumbani. Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo, watoto wasimwone. Kiharusi kilimpata asubuhi, ameinama anafunga kamba za viatu, ana miaka 52. Kilichokuja ghafla ni hicho. Kufa alikufa miaka sita baadaye. Katikati ya hapo upande wote wa kulia ulipooza, na yule mtu aliyekuwa akichekesha hata waliofiwa akabaki na neno moja tu, "hapana", ambalo alilitumia kwa kila kitu, hata alipotaka kukubali. Mimi ndiye niliyekuwa namfunga vifungo vya shati. Alikuwa akitazama ukutani mpaka nimalize. Presha aliambiwa anayo miaka mingi kabla ya hapo. Vidonge alikuwa anameza kichwa kikimuuma. Kichwa kikiacha, naye anaacha. Alipokufa ana miaka 58 watu walisema masikini, bado kijana, ameondoka ghafla. Tukawaacha waseme.

Mwili haufi siku moja. Najua wewe na dada yako mnaniigiza nikisema hivyo, mnashika kiuno na kutikisa kidole. Igizeni tu. Nimefanya kazi wodini mpaka nikastaafu, na wengi niliowageuza kitandani hawakuwa wazee. Walikuwa watu wa miaka 45, 50, kisukari kimewafikisha kukatwa mguu, figo zimechoka kwa presha isiyotibiwa, mapafu yameharibiwa na sigara mpaka mtu anapumzika mara mbili kati ya kitanda na choo. Anayedhani kutojitunza ni njia ya mkato ya kwenda kaburini bila kupitia uzeeni hajawahi kushika zamu ya usiku. Wale walikuwa wamekwisha kufika uzeeni, watoto wao wakiwa bado wanasoma.

Ulinitumia na hesabu za Shirika la Afya Duniani, kwamba mwaka 2019 binadamu kwa wastani alitarajiwa kuishi miaka 73 hivi, na katika hiyo ni kama 63 tu ya afya njema. Ukaandika, "Mama, hiyo kumi ndiyo zawadi?" Sasa wewe uliyesoma hesabu, tangu lini wastani ukamwambia mtu mmojammoja fungu lake? Swali ni nani anaibeba hiyo kumi, na anaanza kuibeba lini. Kulikuwa na daktari wa Marekani, James Fries, aliyeandika mwaka 1980 kwamba tukichelewesha maradhi kuliko tunavyochelewesha kifo, muda wa kuugua utabanwa uwe mfupi. Wengi walimbishia. Mwaka 1998 yeye na wenzake wakatoa matokeo ya wahitimu 1,741 wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, waliofuatiliwa tangu miaka ya sitini. Waliangalia mambo matatu tu: sigara, uzito na mazoezi. Wenye mwenendo mzuri walichelewa kuanza kulemaa kwa zaidi ya miaka mitano kuliko wenye mwenendo mbaya, na kulemaa kwenyewe kukabanwa kwenye miaka michache ya mwisho. Soma tena hapo. Waliojitunza hawakuongezewa miaka ya kitanda.

Na yule bibi wa Ufaransa unayemtaja kila mara, Jeanne Calment, ni kweli alivuta sigara mpaka uzee wa ajabu na akafa mwaka 1997 ana miaka 122. Mtu mmoja aliyevuka barabara amefumba macho akafika salama hawi mwalimu wa kuvuka barabara. Madaktari wa Uingereza ambao mtafiti Richard Doll na wenzake waliwafuatilia tangu 1951, kwa miaka hamsini, ni maelfu kwa maelfu. Waliovuta maisha yao yote walipoteza kama miaka kumi. Walioacha wakiwa na miaka 40 waliokoa kama tisa katika hiyo. Wa miaka 50, kama sita. Wewe una 41. Mimi sisemi kitu.

Sasa Babu. Ile siku ya bafuni hukuwepo, na naamini dada yako alikusimulia nusu. Babu yenu alikuwa na miaka 86. Alikuwa anaoga, mlango ameufunga kwa komeo kama kawaida yake, nikasikia kishindo. Nikakimbilia mlangoni nikaita. Kimya. Halafu sauti ikaja, taratibu kabisa: "Nipo chini." Nikamwambia nawaita vijana waje wavunje mlango. Akasema, "Usimwite mtu. Ngoja nivae suruali."

Nilikaa sakafuni upande wangu wa mlango, mimi muuguzi ninayejua kinachofuata nyonga ya mzee ikivunjika, nikamsikiliza baba yangu akivaa suruali amelala chali. Mguu wa kwanza. Akapumzika. Mguu wa pili. Nikauliza kama amefika, akanifokea. Kisha akaanza kujisukuma kwa visigino, mgongo unaburuzika kwenye maji, mpaka mlangoni, akainua fimbo na kulipiga komeo kutoka chini, likagoma, akalipiga tena mpaka likaachia. Mlango ulipofunguka alikuwa amekaa, ameegemea ukuta, mkanda ameshafunga. "Sasa waite," akasema. Waliokuja walimkuta mzee aliyeteleza. Hawakumkuta mzee uchi. Mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Ile miguu aliitoa wapi? Mlikuwa mnamcheka jioni, taarifa ya habari ikianza redioni, anakunja mikono kifuani na kuinuka kitini, anakaa, anainuka, anakaa, mpaka vichwa vya habari viishe. Hakuna aliyemfundisha. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba huko Boston, mwaka 1990, wazee dhaifu wenye miaka karibu 90 walinyanyua vyuma kwa majuma nane, na nguvu za mapaja zikaongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Sikushangaa hata kidogo, nilikuwa nimeyasikia kwa masikio yangu kupitia mlangoni.

Lakini sijamaliza. Baada ya siku ile niliita fundi akaling'oa lile komeo. Babu aliporudi kutoka kwenye matembezi yake akaona matundu ya misumari. Hakugomba. Alinitazama akasema, "Umenizeesha." Neno moja. Kuanzia hapo akawa anaingia na fimbo na kuiegemeza mlangoni kwa ndani, kana kwamba mimi ni mwizi. Ningefanya vilevile leo, nakwambia kweli. Alianguka tena mwaka uliofuata na tulimfikia mara moja. Nilikuwa na haki. Lakini lile neno halijanitoka, na nadhani ndilo jibu ninalolitafuta tangu mwanzo wa barua hii bila kulipata. Alichokuwa anakilinda mzee yule kwa kutembea na kuinuka kitini kilikuwa ni kujifungia mlango na kujifungulia mwenyewe. Mimi mwanawe, niliyempenda, ndiye niliyekichukua kwanza, kabla ya ugonjwa.

Halafu ugonjwa ukaja, na hapo una haki ya kunibana. Alijitunza, na bado akili ikaondoka kabla yake. Miaka 89 akalala, 93 akafa. Jopo la jarida la tiba la Lancet mwaka 2024 lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya akili kupotea uzeeni, presha na sigara vikiwemo, likakadiria kwamba yote yakiondolewa, karibu asilimia 45 ya wagonjwa wangeepuka au wangecheleweshewa. Ni nyingi. Lakini zaidi ya nusu inabaki, na huko hakuna matembezi ya asubuhi yanayomhakikishia mtu chochote. Babu mwenyewe alikuwa na moja katika hayo 14: alikuwa hasikii vizuri, na kifaa cha masikio alikikataa, eti ni cha wazee. Labda kingemsaidia. Labda wapi. Hujafa hujaumbika.

Tena kuna jambo ambalo hukuliuliza, na mimi najiuliza usiku. Kuishi kwingi ni kuona mengi, na Babu aliyaona. Alimzika mkewe, kisha akiwa na miaka 80 akamzika mwanawe, huyo Mjomba unayemsifu. Ile miguu yake mizuri ndiyo iliyompeleka makaburini. Ukiniuliza kama ilikuwa heri afike pale au asifike, sina la kukujibu. Yeye hakuwahi kusema. Kesho yake alitoka akatembea kama kawaida, nami nikamkasirikia, nikaona ana moyo mgumu. Siku hizi nadhani nguo tu ndizo alizozijua namna ya kuvaa siku ile, na njia ya kupita.

Hata hivyo fanya hesabu hii, maana wewe unapenda hesabu. Mjomba alizuiwa kufunga kamba za viatu vyake akiwa na miaka 52. Babu alizuiwa akiwa na 89. Baba na mwana, damu moja, presha moja. Ndiyo, Babu naye alikuwa nayo, alimeza vidonge kila asubuhi miaka yote. Toa 52 kwenye 89. Katika hiyo miaka 37 ndimo alimokufundisha baiskeli, ndimo alimokwenda peke yake kumshtaki mwalimu aliyempiga dada yako, ndimo alimogombana na mimi kila siku ya Mungu. Unaniambia miaka minne ya kitandani imefuta yote hayo? Mimi niliyemgeuza hiyo miaka minne sioni imefuta nini. Basi tena, aliyegeuzwa ni yeye, mimi ni mgeuzaji tu. Huenda angekuwa na lake la kusema.

Uzee wenyewe mtamu si mtamu. Nina miaka 78, magoti yanalia, nikiinama natafuta pa kushika, na majina ya watu yananikimbia mchana yanarudi saa nane za usiku. Kifaa cha masikio nimekubali kukivaa. Jioni nainuka kitini bila kushika, mara nyingi kuliko unavyodhani, na wajukuu wananicheka.

Dada yako amenionya nisikusukume, ukisukumwa unarudi nyuma. Nimemwahidi. Kwa hiyo kama inafaa au haifai, amua mwenyewe, wewe ni mtu mzima, na mimi nimejizuia kurasa zote hizi ingawa ulimi umeniwasha kuanzia mstari wa kwanza. Ila hukuniandikia presha ilisoma ngapi. Nataka namba zote mbili, ya juu na ya chini. Na niambie ukweli kama vidonge unavimeza hata siku ambazo kichwa hakiumi.

Piga simu jioni. Nikiwa na kifaa nasikia vizuri, usipige kelele.

Mama yako