Wazo la Shule Jirani Likigoma Kwenu

Barua za klabu za mazingira tulizopokea safari hii zinafanana: wanafunzi wameona jambo zuri kwa wenzao, wamelileta kwao, likakwama. Tumechagua tatu.

Shikamooni. Shule jirani wana biwi la mboji, nasi tukachimba shimo nyuma ya jiko na kumwaga humo maganda na mabaki ya ugali na maharage. Sasa linanuka hadi darasani, nzi wamejaa, na mwalimu mkuu anataka lifukiwe. Tumekosea wapi?
*Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Morogoro*

Marahaba. Kosa ni shimo. Hukusanya maji, hewa haipiti, na vijidudu vinavyoishi bila hewa ndivyo vinavyotoa ile harufu ya yai viza.

Hamishieni kila kitu juu ya ardhi. Tandikeni kwanza mabua ya mahindi au vijiti, unene wa sentimita 15. Kisha kwa kila ndoo moja ya mabaki ya jikoni wekeni ndoo mbili hadi tatu za vitu vikavu: majani yanayofagiwa uwanjani kila asubuhi (acheni kuyachoma!), nyasi kavu, maranda ya mbao. Biwi lifike mita 1 kila upande, maana dogo kuliko hapo halishiki joto. Ugali na maharage vifukieni katikati na kuvifunika siku hiyo hiyo. Nyama, samaki na mafuta visiingie kabisa, vitawaletea panya.

Kamueni konzi moja kiganjani. Likitoka tone moja au mawili, unyevu unatosha. Maji yakichuruzika, ongezeni vikavu. Halafu chomekeni nondo hadi katikati, iacheni dakika tano, mwishike: iwe moto. Ikiwa baridi na biwi ni kavu, nyunyizieni maji. Ikiwa baridi na unyevu upo, ongezeni majani mabichi au samadi. Geuzeni kila baada ya wiki moja au mbili. Mkiligeuza vizuri, mboji huwa tayari kwa takriban miezi mitatu.

Atatokea mtu wa kuwashauri mmwage jivu jingi kuua harufu. Mkatalieni kwa heshima. Jivu likizidi, naitrojeni huruka kama amonia, harufu inayochoma pua, na mboji hubaki hafifu. Konzi moja au mbili kwa tabaka zinatosha.

Klabu yetu ilifuata mpango wa shule moja ya Tanga, inayopanda miti Aprili 1, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti. Yao imestawi. Sisi tulipanda miche 200 siku hiyo hiyo, na Julai imebaki michache. Tubadilishe aina ya miti?
*Mwalimu mlezi, Dodoma*

Mwalimu, badilisheni tarehe kwanza. Tanga masika huwa Machi hadi Mei, hivyo mche wa Aprili 1 bado una wiki kadhaa za mvua mbele yake. Dodoma msimu ni mmoja, tangu Desemba hivi hadi Aprili. Mche wa Aprili unakutana na kiangazi mizizi haijashuka. Hata mwarobaini, pamoja na ugumu wake, hauponi hivyo.

Chimbeni mashimo Novemba, sentimita 60 kwa 60, udongo wa juu kando na wa chini kando. Pandeni Januari shule ikifunguliwa, ardhi ikiwa imelowa kina cha jembe. Udongo wa juu uchanganywe na ndoo moja ya samadi iliyooza, urudi kwanza. Samadi mbichi huunguza mizizi.

Kiriba, ule mfuko wa plastiki wa mche, kichaneni na kukitoa chote. Kukitoboa tu hakutoshi: mizizi huzunguka humo ndani, mti unaweza kusimama vizuri mwaka mzima, kisha upepo ukaulaza. Matandazo, yaani nyasi au majani ya kufunika udongo, yawe sentimita 10, lakini yakae upana wa kiganja mbali na shina, kwa sababu ya mchwa. Likizo ya Juni, lita 10 kwa kila mche kwa wiki zina faida kuliko lita moja moja kila siku, ambayo huishia juu juu na kuizoesha mizizi kubaki huko. Aprili 1 itumieni kupalilia.

Tunataka kuwaandikia shule nyingine mradi wetu wa maji ya mvua. Tuweke nini?
*Mwanafunzi, Kwale*

Vipimo, na yaliyoharibika. "Tumefunga tanki la lita 5,000" haimsaidii mtu. Andikeni ukubwa wa paa: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 8 kwa 20 likipata milimita 20 ni lita 3,200. Toeni kama sehemu moja ya tano inayopotea, zibaki takriban 2,500. Msomaji mwenye paa dogo ataona mwenyewe tanki gani linamfaa.

Elezeni pia mnavyoyatenga maji ya kwanza, yenye vumbi na kinyesi cha ndege. Kwa paa hilo ni lita 80 hivi, kwa hiyo pipa la lita 100 kabla ya tanki linatosha. Pipa lisipomwagwa baada ya kila mvua, uchafu wa mvua inayofuata unapita moja kwa moja hadi tankini. Fungeni bomba dogo chini yake, liachwe likidondoka, na mwandike ni nani analiangalia wakati wa likizo.