Ukienda kwenye vichekesho vya papo kwa papo, ucheshi wako uache nyumbani

Mchekeshaji anayesimama peke yake na maikrofoni huwa ameshazisimulia hadithi zake mara nyingi kabla hujazisikia wewe. Kwenye maigizo ya papo kwa papo mambo ni tofauti. Watu watano au sita wanapanda jukwaani bila maandishi, na hawajui wataigiza nini mpaka mtu aliyekaa kwenye viti awatupie neno. Mtu huyo anaweza kuwa wewe, na hapo ndipo wengi wanapouharibia ukumbi mzima usiku wao.

Mshereheshaji akisema, "Nipeni mahali!", hakosekani wa kupayuka kutoka nyuma: "Chooni!" Watu watacheka kidogo, waigizaji watatabasamu kwa adabu. Choo wameshakiigiza hadi wamekichoka. Kasoro ya neno la kuchekesha ni kwamba kicheko chake kimeshaliwa kabla igizo halijaanza. Ukitaka kuwasaidia, toa kitu cha kawaida lakini mahususi: duka la fundi saa, risiti iliyofifia, foleni ya kupima macho.

Usiku mmoja mama aliyekaa mbele yangu alisema tu, "Ufunguo wa akiba." Wakaanza na mume na mke wanaobishana jirani yupi anafaa kuachiwa ufunguo huo, na ubishi ukafumua kila siri ya mtaa. Likapita hilo, yakaja maigizo mengine yasiyohusiana nalo hata chembe. Baadaye sana mwigizaji mwingine, safari hii daktari wa upasuaji, akazamisha mkono kifuani mwa mgonjwa, akapapasa, akatoa kitu, akamgeukia nesi: "Kumbe waliuacha kwa huyu." Ukumbi ulilipuka. Nimemsimulia kisa hiki kila rafiki na hakuna aliyecheka. Vichekesho hivi havibebeki, kwa hiyo simu nayo iache mfukoni. Ukirekodi utapata video ya watu wakicheka kitu kisichoeleweka.

Kabla ya kununua tiketi, uliza ni aina gani ya onyesho. Kuna la michezo mifupi, ambalo kila mchezo una sharti lake, mathalani kuzungumza kwa maswali matupu. Mingi ya michezo hiyo ina asili katika kazi ya Viola Spolin, mwalimu wa maigizo wa Chicago aliyewabunia watoto. Mwanawe, Paul Sills, alikuwa miongoni mwa walioanzisha ukumbi wa The Second City mjini humo mwaka 1959. Kama unapenda kupiga kelele, tafuta mashindano ya timu kwa mtindo ambao mwalimu wa maigizo Keith Johnstone aliuanzisha Calgary, Kanada, mwaka 1977. Alitaka watazamaji wa tamthilia washangilie kama watazamaji wa mieleka.

Aina nyingine ni igizo refu. Maarufu zaidi ni lile liitwalo Harold, linalohusishwa hasa na Del Close, mwigizaji na mwalimu wa Marekani: neno moja, kisha nusu saa hivi ya visa vinavyoanza mbalimbali na kuja kukutana. Dakika kumi za kwanza utadhani wamepotea. Vumilia. Kwa mgeni, mimi ningeanza na michezo mifupi.

Na maigizo mengine yatakufa mbele ya macho yako. Ni sehemu ya starehe, sijui niieleze vipi. Hapo usimwangalie anayezungumza. Waangalie waliosimama pembeni. Mmoja atakatiza mbio mbele ya jukwaa kufuta igizo lililochacha, au fundi wa taa atazima taa juu ya kicheko kikubwa kuliko vyote. Huyo fundi wa taa hapigiwi makofi ya kutosha, na mara nyingi ndiye mwenye akili kuliko wote mle ndani.

Unaogopa kuitwa jukwaani? Kaa safu ya tatu kwenda nyuma, wala usimkodolee macho mshereheshaji. Lakini ukiitwa na ukakubali, fuata kanuni yao wenyewe: pokea unachopewa, ongeza kidogo. Wakikuambia wewe ni rubani, wewe ni rubani. Sema umechoka na safari. Usikimbilie mzaha. Wao wamejifunza kumbeba mgeni aonekane stadi, ila hawawezi kumbeba anayeshindana nao.

Kumbi nyingine huwa na kipindi cha wazi baada ya onyesho, na mtazamaji yeyote huruhusiwa kujaribu. Uliza mlangoni wakati wa kuingia, maana hutangazwa harakaharaka mwishoni, watu wakiwa wameshasimama wanatafuta makoti.