Smoky Mountains na familia kwa RV: usichague kambi, chagua namba ya saiti

Mkuu uliyeuliza, nimesoma swali lako: umekodi RV (lile gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo ndani) ya futi 30, una wife, watoto watatu na mama mkwe aliyekuja kutembea kutoka Morogoro, mnataka kwenda Great Smoky Mountains, ile hifadhi ya Marekani iliyo mpakani mwa Tennessee na North Carolina, mwezi wa kumi kuona majani yanavyobadilika rangi, na hujui mlale ndani ya hifadhi au kwenye kambi za watu binafsi kule nje. Naona wengi wamekujibu nenda popote tu patakuwa pazuri. Hapana bana. Mi nakaa Atlanta, nimeshaenda kule mara nne na mbili kati ya hizo nilivuruga mwenyewe, ngoja nikupe ya kwangu.

Watu wakitafuta kambi wanaangalia picha, wanaangalia nyota, wanaangalia bei, wanalipia. Sasa kwenye miti minene kama ile kambi haikusaidii kitu, kinachokusaidia ni namba ya saiti, yaani ile nafasi yenyewe ya kupaki gari lako. Unaweza kukuta kambi ileile moja, saiti hii tambarare, pana, choo kiko karibu, ukihesabu saiti tatu mbele unakuta nyingine imebanwa na miti miwili na iko mteremko mpaka yai haliwezi kukaa kwenye kikaango.

Safari ya kwanza tulilala kambi moja ya binafsi upande wa Tennessee, walisema inapokea RV mpaka futi 35. Kweli inapokea. Ila hawakusema unaingia kwa rivasi kwenye kona, na sisi tumefika saa mbili usiku, mvua inanyesha, giza la msituni lile unalijua, wife yuko nyuma na tochi ya simu ananiita njoo, njoo, njoo kama konda wa Mbagala, afu njoo ya mwisho ikaja na mlio. Yeye alikuwa anaangalia tairi, tawi lilikuwa juu. Lile gari lina kimo cha futi 11 hivi, hilo hakuna aliyelifikiria, kifuniko cha feni ya paa kikabaki kwenye mti na dipozi yangu ikaondoka nacho. Asubuhi ndo nagundua kile chumba kinachosukumwa kutoka ubavuni hakifunguki, kuna shina la mti sentimita chache kutoka ukutani. Siku tatu watu sita tunapishana kwenye korido kama treni ya daraja la tatu.

Kwa hiyo ukibuku uliza urefu wa saiti yenyewe, siyo wa kambi. Uliza kama unaingia huku na kutokea kule bila rivasi. Uliza ubavuni kuna nafasi kiasi gani. Na ufike kuna jua, hili usibishane nalo.

Haya, ndani au nje. Ndani ya hifadhi kuna kambi tamu sana, Elkmont, Cades Cove, Smokemont, msitu umekuzunguka pande zote, ila hakuna maji wala bomba la majitaka la kuunganisha kwenye gari, umeme nao usiuhesabu, na hakuna bafu la kuoga. Kuna choo cha kuflashi na maji ya baridi, basi. Elkmont kwa RV mwisho futi 35 na saiti nyingi ni fupi kuliko hapo. Jenereta unaruhusiwa kuwasha kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku tu. Mimi nikajiambia heater inatumia gesi, umeme wa nini? Kumbe feni yake inakula betri. Tuko Smokemont, watoto wameangalia katuni jioni nzima, saa tisa usiku heater kimya, nje baridi ya kuganda, jenereta huwezi kuigusa maana majirani wamelala. Tulilala wote kitanda kimoja na shuka za kimasai mpaka kunakucha, mama mkwe wangu anauliza taratibu, "Baba, na hii mnalipia?" Sikuwa na jibu.

Nje ya hifadhi, huku Cherokee upande wa North Carolina au Townsend upande wa Tennessee, kambi nyingi za binafsi zina kila kitu. Hapo angalia umeme ni ampia 30 au 50. Hizi namba hazipishani kidogo kama zinavyoonekana, 30 inakupa wati 3,600 tu, 50 ina waya mbili zinazoleta umeme kwa hiyo inafika wati 12,000. Birika la umeme peke yake linakula kama 1,500. Sasa mama mkwe akiweka birika la chai huku heater ndogo ya umeme inawaka na mwingine anapasha chakula kwenye maikrowevu, breka inakata na mnabaki gizani, mwambie mapema ili asidhani kaharibu gari la watu.

Majitaka nisikufiche. Kuna tangi la choo na tangi la maji ya kuogea na vyombo. Ukishaunganisha bomba unaona rahisi uache valvu ya choo wazi muda wote, usifanye hivyo, maji yanatoka na kile kingine kinabaki kinakauka mlima. Acha ifungwe mpaka tangi likaribie kujaa, fungulia la choo kwanza, afu la kuogea lifuate lisafishe bomba. Vaa glovu. Niliyoyaona siku nilipokosea nitayaacha hapohapo.

Dubu wapo, hifadhi wenyewe wanakadiria kama 1,900. Tulikuwa na dagaa wa Mwanza kwenye kontena, mama mkwe wangu kawaacha juu ya meza ya nje wapate hewa, ranja (askari wa hifadhi) akapita akasimama, akanusa, akauliza kwa heshima kabisa kile ni nini. Chakula, sufuria chafu, takataka, hata dawa ya meno, vyote ndani ya gari na mlango ufungwe. Ukimwona dubu kaa mbali yadi 50 au zaidi, na watoto wajue hivyo kabla hamjafika.

Kingine, kabla hujapaki angalia juu. Kule kuna miti mingi aina ya hemlock iliyokufa imesimama, kuna kadudu kadogo kanaifyonza tangu miaka ya 2000 mwanzoni. Tawi kavu juu ya pale watoto wanapochezea, omba ubadilishiwe. Saiti za kando ya mto nazo ni nzuri kwenye picha, ila kwa mtoto wa miaka mitatu mi siwezi, maji ya Bradley Fork, ule mto wa pale Smokemont, yana kasi na usiku yanavuma huwezi kusikia mlango ukifunguliwa.

Kuni usibebe za nyumbani, hifadhi inakubali zile zilizopashwa joto kuua wadudu na zenye lebo tu, zinauzwa jirani. Kuingia ni bure ila ukipaki mahali zaidi ya dakika 15 unahitaji tiketi, dola 5 kwa siku au 15 kwa wiki. Kama kuna ndugu wa kuja na gari dogo mchukueni, barabara ya Roaring Fork hawaruhusu RV kabisa, na mtandao wa simu ndani ni wa kubahatisha kwa hiyo ramani daunilodini kabla.

Ningekuwa wewe, mama yumo na mwezi ni wa kumi, ningelala Cherokee kwenye umeme usiku wote, mchana naingia hifadhini, jioni pale Oconaluftee, upande wa hifadhi ulio jirani na Cherokee, wale elk (jamii ya kulungu, wakubwa kweli) wanatoka kula majani uwanjani na mama hahitaji kutembea hata hatua kumi. Ndani ubuku mwakani mkiwa wenyewe, nafasi zinafunguliwa miezi sita kabla na za mwezi wa kumi zinaisha haraka. Ukipata namba ya saiti iweke hapa kabla hujalipa, wapo wanaoijua kambi hiyo watakwambia mti uko upande gani.