Mtu wa Sauzi Kuanzia Saa Moja na Nusu

Ile picha yangu ya bunduki ya maji begani, shati la maua, uso umepakwa unga mweupe, naomba muache kuisambaza. Nani aliyeandika chini yake "Sir wetu anakula bata Thailand, milioni tano kwa mwezi, kazi yake kusema A B C"? Nimeletewa na watu wanne. Wa mwisho ni mama yangu mzazi, ambaye hata kufungua picha kwenye simu hajui, kaelekezwa na mtoto wa jirani. Ilikuwa Songkran, mwaka mpya wa Kithai, Aprili 13, siku ambayo hata polisi anamwagiwa maji barabarani na anacheka. Na Aprili yenyewe sikulipwa hata senti tano. Nitafika huko.

Na wewe Rehema, mtoto wa shangazi, umeniandikia mara tatu. Digrii ya ualimu umemaliza, ajira hazitoki, "kaka nifanyie mpango". Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilitaka nipate jibu lisilo na uongo ndani yake na lisilokuvunja moyo. Sijalipata. Chukua hili hili.

Mengine nayaruka. Joto mnalijua, viatu kuvuliwa mlangoni mnajua, pilipili mtaizoea. Huku Isan, kaskazini-mashariki ya nchi, wanakula wali wa kunata kwa mkono: unakata tonge, unalifinyanga, unachovya. Siku ya kwanza kuuona nusura nitokwe machozi kwa furaha. Sokoni wanauza panzi wa kukaanga. Mhaya angejiona yuko Bukoba msimu wa senene. Wakikutana hawakuulizi habari za asubuhi, wanakuuliza umeshakula? Watu wazuri, sina ugomvi nao. Nilipompapasa mtoto kichwani wiki ya kwanza, kama tunavyofanya sisi, darasa zima likanyamaza. Kichwa kwao ni kitakatifu, hakiguswi. Nikaomba radhi, yakaisha.

Kilichonikaa kooni hakijaisha. Huku mimi si Mtanzania.

Nilipofika Bangkok kwa mara ya kwanza, wakala wa kazi, mama mmoja mpole tu, alifungua pasipoti yangu, akaigeuza, akauliza: "Tanzania iko South Africa?" Nikacheka. Nikamwambia hapana mama, iko Afrika Mashariki. Na yeye akacheka, akasema kuanzia leo iko South Africa. Halafu akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Matangazo ya kazi za Kiingereza yanataka "wazawa wa Kiingereza": Mwingereza, Mmarekani, Mkanada, Mwaustralia, Mu-Ayalandi, mtu wa New Zealand. Mtu wa Sauzi anapenya humo kwa ubavu. Mzazi anayelipia Kiingereza cha ziada akiambiwa mwalimu ni wa Sauzi, ananyamaza. Akiambiwa Tanzania, anaanza kuuliza maswali.

Sasa elewa vizuri, Rehema, maana hapa ndipo watu wanapodhani nimeghushi. Uongo huo hauko kwenye karatasi hata moja. Pasipoti inasema Tanzania, viza inasema Tanzania, kibali cha kazi kinasema Tanzania, mkuu wa shule anajua, Khurusapha, yaani baraza lao la walimu, wanajua. Uongo uko getini. Saa moja na nusu asubuhi nasimama pale nimevaa tai, nimekutanisha viganja kifuani, wazazi wanashusha watoto kwenye pikipiki, watatu watatu, na nyuma yangu kuna bango lenye picha yangu, jina langu, na bendera ya Afrika Kusini. Kazi yangu ya kwanza kila siku ni kuonekana. Kufundisha kunafuata saa mbili, tukishaimba wimbo wao wa taifa na bendera kupanda.

Na kwa kuwa serikali inajua mimi si mzawa wa Kiingereza, nilitakiwa kufanya mtihani. TOEIC unaitwa, alama za juu kabisa ni 990, na sisi "wengine" tunadaiwa angalau 600. Nimefundisha Kiingereza kidato cha pili miaka sita, nikaenda kuketi chumbani Bangkok na vipokea sauti masikioni, nisikilize mtu anayeuliza mkutano ni saa ngapi. Nilipata 905. Kijana Mwingereza ninayekaa naye ofisini hakuulizwa mtihani. Ni mtu mwema, tunakula pamoja, lakini ndiye anayekuja mezani kwangu na kitabu akininong'oneza, "hivi hii present perfect tunaielezaje?" Namweleza. Yeye analipwa baht 35,000. Mimi 25,000. Dada mmoja wa Kifilipino, mwenye leseni ya ualimu ya kwao na subira kutuzidi wote wawili, analipwa 18,000. Mmeona ujanja ulipo? Kwa wazazi mimi ni mtu wa Sauzi, ila siku ya mshahara narudishiwa Utanzania wangu.

Baht 25,000 ni karibu milioni mbili za kwetu. Ndiyo, inazidi mara mbili ya alichokuwa akinipa mwajiri wa nyumbani nilipoanza kufundisha, siwezi kukataa, nisiwe mnafiki. Lakini wakala analipa miezi kumi. Shule zikifungwa Machi mpaka katikati ya Mei, na tena Oktoba, unakula ulichoweka. Hizo fedha za miezi kumi zigawe kwa kumi na mbili, toa kodi ya chumba, toa baht 1,900 za kuongeza viza, toa zile 7,000 ninazotuma nyumbani kila mwezi, halafu ndiyo mniambie habari ya bata. Na jamani, mtu akitumiwa hela, kuomba tena "na ya kutolea" ni kutoneana vidonda.

Nirudi kwenye hadithi yangu, maana picha mmeona, hii hamjaiona.

Desemba 25 huku ni siku ya kazi, wao ni Wabudha, lakini shule nyingi zinafanya sherehe ya Krismasi kwa ajili ya somo la Kiingereza. Mwaka jana walimu wa kigeni tulitakiwa kila mmoja apande jukwaani aeleze nchi yake. Mfilipino akacheza ngoma ya mianzi, akashangiliwa. Mwingereza akaeleza chai. Mimi nilikesha usiku nikisoma habari za Cape Town, mji ambao sijaukanyaga, nikapanda na picha za Mlima Meza na za Mzee Mandela, nikasema "nchi yangu" mara nne. Nilihesabu. Nikadhani nimemaliza, kumbe mwalimu wa muziki alikuwa ameniandalia zawadi. Ameupakua wimbo wa taifa wa Afrika Kusini, ameuweka kwenye spika, ananipa kipaza sauti, anatabasamu: imba, Ticha.

Ndugu zangu, mnajua wenyewe ule wimbo unavyoanza. Tuni aliitunga Enoch Sontonga mwaka 1897, mwalimu wa shule ya misheni, mwalimu mwenzetu, na ndiyo hiyo hiyo iliyotiwa maneno yetu ya "Mungu ibariki Afrika". Tuni ile nimeisikia kila paredi ya asubuhi tangu nikiwa na miaka saba. Maneno ya Kixhosa nayajua mawili tu. Mdomo haukuniuliza, ukaanza wenyewe kwa Kiswahili.

Ubeti wa kwanza ukaenda salama, nani angejua? Shida ni kwamba kwao wimbo hauendelei kama wetu. Sisi tunaingia kwenye kiitikio. Wao wanakwenda Kisotho, kisha muziki unageuka kabisa unakuwa Kiafrikaana, mwisho Kiingereza. Nikawa naimba kiitikio changu huku spika ikienda zake, kama daladala mbili zilizotoka kituo kimoja, moja ya Mbagala, moja ya Bunju. Mwalimu wa muziki akadhani spika imekorofisha, akaizima.

Kukawa kimya. Watoto kama mia sita wananitazama. Ningeweza kuinamisha kichwa nikashuka. Badala yake nikaimba ubeti wa pili, bila muziki, ule unaoitaja Tanzania kwa jina. Nikaumaliza wote na kiitikio chake. Wakapiga makofi sana. Mkuu wa shule akapiga makofi. Wakala, ambaye siku hiyo alikuwepo, akapiga makofi.

Nilipokuwa navaa viatu nje ya ukumbi akanifuata mtoto mmoja wa darasa la tano, jina lake la nyumbani anaitwa Ice. (Majina ya nyumbani ya watoto wa huku ni burudani: nina mwanafunzi anaitwa Beer na rafiki yake ni Benz.) Akaniuliza, "Ticha, Tanzania arai?" Tanzania ni nini? Kati ya watu mia sita na ushee, ni yeye pekee aliyesikia kuwa kuna neno pale. Wakala alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, anaongea na simu. Nikamwambia Ice kuwa Tanzania ni neno la Kizulu, maana yake "kwetu". Akaliandika kwenye daftari lake la msamiati.

Basi wanaoandika eti nimeusahau umaskini, eti nimewatupa, wakati mwingine nakubaliana nao kuliko wanavyojua. Nilipoacha kazi kidato cha pili B kilikuwa na wanafunzi 83 kwenye mkondo mmoja. Naambiwa vipindi vyangu vimeshikiliwa na mwalimu wa Baiolojia, anajitahidi. Wale watoto wametoka shule ya msingi wanasoma kwa Kiswahili, wakafika sekondari wakakuta Jiografia, Fizikia, kila kitu kwa Kiingereza, na mtihani wa taifa hauna huruma. Huku mtoto akishindwa Kiingereza anarudia zoezi mpaka apite. Kufeli kwenyewe ni kama hakupo. Kule ni Division Ziro na kurudi kulima. Waliokuwa na haja na mimi ni wale. Nimekuja kuwafundisha hawa kusema ndizi ni ya njano. Mkinitukana kwa hilo sina jibu. Mkinitukana kwa milioni tano, nitajibu.

Rehema, usije. Nasema kweli. Utasimama getini kama sanamu, watoto watakusugua mkono waone kama rangi inatoka, mwalimu mwenzako mwenye roho safi kabisa atakuletea krimu ya kung'arisha ngozi kama zawadi. Utaishi kwa kuripoti uhamiaji kila baada ya siku 90, kama mfungwa wa nje. Ukitaka kuja nyumbani kuzika au kuozesha bila kulipia kwanza kibali cha kurudi huku, baht 1,000, viza yako imekufa uwanja wa ndege.

Lakini kama utakuja, na nakujua utakuja, usije kama mimi. Mimi nilikuja na viza ya utalii, wakala akasema karatasi zitafuata. Wiki saba nimefundisha bila kibali. Siku maofisa walipokuja shuleni nilifungiwa stoo ya mipira, mwalimu mzima, nimekaa juu ya gunia la neti za voliboli, nasikiliza darasa langu likiitikia "I'm fine, thank you, and you?" kwa mwalimu mwingine. Wangenikuta ni faini, inafika mpaka baht 50,000, na kurudishwa nyumbani. Kwa hiyo barua ya shule ije kwanza, uombe viza ya kazi ubalozi wao Nairobi ukiwa bado nyumbani. Chukua cheti cha polisi cha alama za vidole kabla hujaondoka. Transkripti beba nakala halisi, usitegemee kutumiwa. Sisi hatuna ubalozi Bangkok, wa karibu uko Kuala Lumpur. Kadi ya njano ya homa ya manjano usiisahau, wataidai kabla hujafika kwenye dirisha la uhamiaji. Digrii yako ni ya ualimu, ina uzito kwa Khurusapha kuliko digrii za hao wanaokuja na biashara na sosholojia. Ajira moja kwa moja na shule, si kwa wakala, utalipwa miezi kumi na miwili. Watakunyanyasa kidogo, kuna siku utafurahi sana. Kuna siku darasa zima linaelewa kitu kwa pamoja, unaona macho, na unasahau bendera iliyo kwenye bango.

Chumba changu kina godoro la ziada. Mama asijue kuwa nimesema hivyo, nimemwahidi nitakukataza.

Na siku wakala akikuuliza Tanzania iko wapi, mwambie iko ilipo. Usiyameze maneno kama mimi. Au, sikiliza, mwache aseme anachotaka mpaka kibali kitoke mkononi mwako, halafu ndipo umwambie. Mimi changu kimetoka, huu ni mwezi wa kumi na nne sasa, na bango bado liko pale.