Shokapu zimetoka sevisi, mbona zinacheza?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Muheza, nina pikipiki ya porini ya cc 250, mtumba wa Japani, breki ya mbele ni ya diski. Karibu kila wiki napanda nayo milimani Amani kikazi. Shokapu za mbele zilikuwa zinavuja, nikabadilishiwa sili na oili. Siku ya pili nikaweka kreti chini ya injini gurudumu likaning'inia, nikashika miguu ya shokapu huku chini nikaivuta mbele na nyuma. Inacheza, tena nasikia "tik". Aliyenifanyia kazi anasema bushi zimekufa, ninunue seti. Kabla ya sevisi sikuwahi kusikia kitu. Ninunue?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usinunue bado. Kwanza nikuulize: kabla ya sevisi uliwahi kuinyanyua ukaivuta namna hiyo? Wengi hawajawahi. Mtu akishatoa hela ndipo anaanza kukagua, na hapo husikia mambo yaliyokuwepo tangu mwaka juzi.

Jua pia kwamba shokapu isiyocheza hata kidogo haipo. Kati ya bushi, yaani zile pete za ndani zinazoshika bomba la shokapu, na bomba lenyewe lazima ibaki nafasi ya oili kupita, la sivyo bomba litang'ang'ania. Nafasi yenyewe ni nyembamba mno, lakini wewe umeshika huku chini kwenye ekseli, mbali na bushi, kwa hiyo mkono wako unaisikia imekuzwa mara kadhaa. Halafu gurudumu likining'inia, shokapu inakuwa imenyooka yote na bushi ya juu na ya chini zinakaribiana. Hapo ndipo mchezo huwa mkubwa kuliko wakati wowote. Shokapu ndefu za porini zinaonyesha hali hii zaidi kuliko za bodaboda.

Kwa hiyo swali si kama inacheza. Swali ni inacheza wapi, na hilo linajibiwa na kidole. Mtafute mwenzako avute miguu ya shokapu taratibu, bila kushika breki ya mbele. Ukishika breki, pedi na diski nazo zitagonga na utadanganyika.

Anza na usukani. Miguu ya shokapu inashikwa na vibano viwili, cha juu na cha chini; weka kidole pale kibano cha chini kinapokutana na fremu, nusu juu ya hiki, nusu juu ya kile. Kidole kikisikia vitu viwili vinaachana na kurudiana, beringi za usukani zimelegea na bushi hazihusiki. Mimi ningeanza kushuku hapa, kwa sababu wapo mafundi ambao wakichomoa shokapu hufungua na nati kubwa ya juu ya usukani. Fundi akiirudisha bila kurekebisha ile nati ya mfereji iliyo chini yake, inayobana beringi za usukani, usukani unabaki na uwazi. Dawa yake ni kulegeza nati kubwa na bolti za kibano cha juu, kukaza nati ya mfereji kidogo kidogo, kisha kufunga vyote na kupima upya. Usukani uzunguke mwepesi pande zote. Ukikuta unajifunga katikati kama umeingia kwenye shimo, gololi zimeshachimba vikombe na hakuna kukaza kutakakosaidia, badilisha.

Usukani ukiwa mzima, hamia kwenye gurudumu. Lishike lenyewe juu na chini, ulisukume upande kwa upande. Likitikisika huku miguu ya shokapu imetulia, hizo ni beringi za gurudumu.

Sasa ndiyo shokapu. Kidole kiwe nusu kwenye bomba la kromu, nusu kwenye mdomo wa mguu wa chini. Fanya mguu wa kulia, fanya wa kushoto, ulinganishe. Miguu yote miwili ikicheza sawasawa, kidogo, bila kugonga, endesha pikipiki yako. Mmoja ukicheza wazi kuliko mwenzake, mrudishie aliyeufungua. Ndani ya ule mdomo kuna mpangilio: bushi, washa, sili, klipu, kisha kifuniko cha vumbi. Bushi isipogongewa mpaka ikakaa, au washa ikisahaulika mezani, mguu huo hautatulia, na sili yako mpya itakuwa kama wageni wa Tanga, waja leo waondoka leo. Sili kazi yake ni kuzuia oili tu. Kinachoshika bomba ni bushi.

Akifungua, uwepo. Bushi ya aina hii ina tabaka jeusi au la kijivu linaloteleza. Rangi ya shaba ikiwa imejitokeza robo tatu ya uso wake, hapo nunua seti bila kubishana. Ikionekana vimistari viwili vitatu tu, irudishe. Na bomba la kromu lipitishie ukucha mzunguko mzima. Sisi wa pwani chumvi inatuchimbia kromu vishimo, na kishimo kimoja kinatosha kuchana sili.

Kuna kosa jingine dogo, nalo nalikuta kila mara. Gurudumu likirudishwa, watu hukaza kila kitu pikipiki ikiwa juu ya kreti. Kaza ekseli, lakini zile bolti ndogo zinazoibana chini ya mguu ziache legevu. Shusha pikipiki, shika breki ya mbele, ibonyeze shokapu mara tano sita ili miguu ijipange, ndipo uzikaze. Miguu ikifungwa imepinda, shokapu inakwama kisha inaachia ghafla, na mlio wake unafanana sana na wa bushi iliyokufa.

Ukimaliza na "tik" iko palepale, niandikie kidole kilisikia wapi na mguu gani.